Mbavu za Berta

Jumatatu, 7 Juni 1954

Leo nimekabidhiwa farasi. Farasi mzima, jike, rangi ya mchanga uliolowa. Anaitwa Berta. Shangazi yangu wa Michenga naye anaitwa Berta. Sitamwambia.

Mambo yalikwenda hivi. Bwana Mpima, yule Mzungu anayepima mafuriko ya mto kwa miti iliyopakwa rangi, anakwenda Dar es Salaam kutibiwa mgongo. Alifika huku na farasi wawili. Mmoja alikufa kwa mbung'o mwaka jana. Huyu aliyebaki amekonda mpaka mbavu zinahesabika kama fito za ukuta usiokandikwa. Bwana Mpima alisimama mbele ya duka akauliza ni nani anayejua farasi. Watu wote wakamtazama jirani yangu Apolinari, kwa sababu nguruwe wake ndio wanene kuliko wote hapa Lumemo. Apolinari akasema yeye anajua nguruwe tu. Ndipo nikasikia sauti ikisema, "Mimi nimekulia kwenye farasi." Ilikuwa sauti yangu.

Si uongo mtupu. Babu yangu alibeba majani ya farasi wa Wajerumani kule Mahenge. Mambo kama hayo hubaki kwenye damu.

Bwana Mpima atarudi karibu na sikukuu ya Petro na Paulo, mwishoni mwa mwezi huu. Akimkuta Berta ana nguvu, atapanda naye Mahenge, kwenye baridi, ambako mbung'o ni wachache. Akimkuta hivi alivyo, atampiga risasi, maana anasema si haki kumwacha mnyama afe kidogo kidogo. Aliyasema haya akimpapasa pua, na hakutaka tumtazame usoni.

Verediana, mke wangu, aliuliza farasi anakula nini. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu.

Jumanne, 8 Juni

Nimefikiri. Mtoto akikonda anapewa uji. Mama aliyejifungua akikonda anapewa uji. Kwa hiyo, uji.

Nikaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga kutafuta pumba laini. Apolinari alikwisha fika, amekalia gunia la mwisho kwa ajili ya nguruwe wake. Nikamweleza kwamba kazi yangu ni ya serikali. Akauliza kama serikali inajua. Tukabishana mpaka mwenye mashine akatuomba tukabishanie nje. Mwishowe Apolinari alinigawia nusu ya gunia. Naona ameanza kuniogopa.

Nikapika uji wa pumba, nikaukoroga na sukari guru. Berta alinusa, akaitafuta sukari kwa ulimi, akailamba yote kwa adabu kama mwanamke wa mjini, kisha akapiga chafya ndani ya sufuria. Pumba zikanijaa machoni na kwenye masharubu.

Verediana alinipa maji ya kunawa. Hakucheka mbele yangu. Alitoka kwanza.

Jumamosi, 12 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Leo ilikuwa zamu yetu ya ujima. Majirani walikuwa waje kutuvunia mpunga kule bondeni, na Verediana alikuwa ameandaa togwa, mitungi miwili, tamu, ya mtama. Jana mchana niliitazama togwa ile nikakumbuka jinsi inavyonenepesha watu. Nikamleta Berta jikoni aonje bakuli moja. Moja tu. Nikatoka kutafuta bakuli.

Niliporudi, mtungi wa kwanza ulikuwa mtupu na kichwa cha Berta kilikuwa ndani ya wa pili. Nilipomvuta alinyanyuka na mtungi wenyewe. Ukagonga mwimo wa mlango.

Watu wa ujima wamekuja asubuhi, wakaonyeshwa maji. Ni watu wastaarabu. Walivuna kwa muda, kisha mmoja akakumbuka msiba Lupiro, na wengine wote wakakumbuka kwamba msiba ule ni wao pia. Sehemu iliyobaki tumevuna mimi na Verediana. Yeye alikuwa akiimba nyimbo za Kwaresima, na huu ni mwezi wa sita.

Berta hajanenepa. Lakini alilala vizuri.

Jumapili, 13 Juni

Baada ya misa watu wameniuliza habari za farasi. Nikawaambia chakula kinaingia kwanza kwenye mifupa, ndipo kiende kwenye nyama. Wengi waliitikia kwa kichwa. Apolinari alitazama chini.

Shangazi Berta alikuwepo. Amekwisha pata habari. Shikamoo yangu hakuiitikia.

Jumatatu, 14 Juni

Mpango mpya, na huu ni wa kisayansi.

Kwenye kliniki ya masista, watoto waliodhoofu wanapewa mafuta ya samaki kwenye chupa. Nimewaona kwa macho yangu watoto hao wakinawiri. Nikapanga foleni na akina mama. Zamu yangu ilipofika, Sista Klementina aliuliza mtoto yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani, amekonda sana, hawezi kusafiri. Akasema mtoto wa namna hiyo ndiye hasa anayepaswa kuletwa.

Nikarudi mbio. Sisi mtoto wetu ni mmoja, Balbina, na ameolewa. Nikamwendea Yosefina, jirani wa pili, nikamwomba mwanawe Raimundi kwa muda mfupi tu. Yosefina alikuwa anapepeta mpunga, akafurahi kupata nafasi. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Raimundi ndiye mtoto mnene kuliko wote upande huu wa mto. Kutoka kwa Yosefina mpaka kliniki nilipumzika mara kadhaa.

Sista alimtazama Raimundi. Raimundi alimtazama Sista, akatabasamu, na mashavu yakafunika macho.

"Huyu ndiye aliyekonda?" Sista akauliza.

"Alikuwa mnene zaidi," nikajibu.

Akampima. Mzani ukalia. Akaniambia kwa upole nimwambie mama yake apunguze uji, kisha akauliza kwa nini hasa nayataka mafuta. Nilikuwa nimechoka kumbeba. Nikamwambia ni ya Berta. Akauliza Berta ana umri gani. Nikasema sijui, lakini meno anayo.

Nimerudi bila mafuta. Yosefina amepokea habari za uji vibaya.

Alhamisi, 17 Juni

Leo nitaandika yote.

Jana niliamua kuacha mambo madogo madogo. Mahindi ndiyo chakula cha nguvu. Nikampa Berta karai lililojaa. Alikula kwa pupa, akimeza tu. Nikafurahi, nikamwongezea. Alipomaliza nikamwongezea tena.

Leo asubuhi nimemkuta ameanguka bandani. Shingo imetota jasho. Anaugeukia ubavu wake, anautazama, kama mtu anayejiuliza nani amemchoma kisu. Akijaribu kusimama miguu inamkataa. Anagaragara, anaguna. Sijapata kusikia mnyama mkubwa akiguna namna ile.

Nikakaa chini kando ya kichwa chake. Sikuwa na mpango wowote. Naandika hili kwa sababu halijapata kunitokea.

Verediana alitoka bila kuniambia anakwenda wapi. Akarudi na Apolinari. Nilidhani atasema neno kuhusu kukulia kwenye farasi. Hakulisema. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo la Berta, akasikiliza, akasema tumbo liko kimya kabisa, na nguruwe wake mmoja alipata kuwa hivi.

"Alipona?" nikauliza.

"Tumsimamishe," akasema.

Tukamsimamisha, yeye akisukuma, mimi nikivuta kamba, Verediana akimwita. Kisha tukamtembeza. Kutoka bandani mpaka njia ya kanisani, na kurudi. Akitaka kulala tunamzuia. Jua likapanda. Yosefina akatokea na Raimundi mgongoni, akashika kamba nikapumzika, ingawa bado amenuna. Hata Shangazi Berta alikuwa akipita kwenda sokoni, akasimama, akatazama, akaweka kikapu chini. Alimwambia farasi, "Tembea, mwenzangu." Akatembea naye hadi karibu na adhuhuri.

Mchana Berta akasimama mwenyewe, akainua mkia, akatoa upepo ambao nadhani ulisikika Michenga. Baada ya hapo kinyesi. Apolinari akavua kofia. Mahindi yalikuwa mle ndani mazimamazima, kama nilivyompa.

Nimemshukuru Apolinari. Nilitaka kusema zaidi, lakini alikuwa amekwisha ondoka kwenda kulisha nguruwe.

Ijumaa, 18 Juni

Verediana amenipeleka bandani akanionyesha kitu chini. Vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimelowa mate, vimetapakaa kila mahali. Vingine vikavu, vya siku nyingi.

Akasema, "Baba Balbina, huyu hali. Anafyonza, anatema. Bibi yangu alikuwa hivi meno yalipomharibikia."

Nikamweleza kwamba farasi wote hutema, ni desturi yao. Akauliza nimewaona farasi wangapi. Nikaenda kuchota maji.

Njiani nilifikiri juu ya yale mahindi mazima.

Jumamosi, 19 Juni

Bwana Mifugo, Eustaki, amefika kwa baiskeli kutoka upande wa Lupiro. Mimi sikumwita. Apolinari ndiye aliyetuma salamu kwa wavuvi wanaovuka, naye akageuza safari yake. Nilitaka kukasirika lakini sikupata mahali pa kuanzia.

Alimfungua Berta kinywa, akakiweka wazi kwa kipande cha mti kilichozungushiwa kitambaa, akaingiza mkono mpaka kiwikoni. Akatuita tutazame. Magego yametoka ncha pembeni kama msumeno. Mashavu kwa ndani yamechanika, mengine mabichi, mengine makovu. Kila akitafuna anajikata. Ndiyo maana anatema. Ndiyo maana uji aliulamba tu, na mahindi aliyameza bila kuyatafuna.

Muda wote huu nilikuwa namletea chakula, na chakula ndicho kilichokuwa kinamuumiza. Nilikwenda kusimama nje kidogo.

Eustaki alitoa tupa ndefu, akasugua zile ncha. Apolinari alishika kichwa. Verediana alishika ulimi kwa kitambaa. Mimi nilishika mkia, kwani sehemu nyingine zote zilikuwa zimeshikwa.

Kisha akatupa maagizo. Kwanza majani, mengi, mabichi, mchana kutwa. Majani ndiyo chakula cha farasi, vingine ni kitoweo. Pumba ziloweshwe, zichanganywe na mashudu ya ufuta, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Aanze na konzi chache za mkono, aongezewe polepole, tumbo lizoee. Chumvi ya kulamba. Maji safi wakati wote. Akampa na dawa ya minyoo. Akasema asitarajiwe kunenepa haraka, mnyama aliyekonda polepole hunenepa polepole.

Neno hilo la mwisho sikulipenda. Petro na Paulo iko karibu.

Jumanne, 22 Juni

Anakula. Nimekaa naye karibu kutwa nzima nikimsikiliza. Sauti ya farasi anayetafuna vizuri ni kama mtu anayetembea juu ya changarawe akiwa hana haraka. Chini hakuna vibonge.

Verediana ndiye anayempimia. Anatumia konzi zake mwenyewe, na hakubali zangu kwa sababu anasema zinakua njiani. Apolinari analeta pumba. Nilimuuliza nguruwe wake wanakula nini siku hizi. Akasema wao wana akiba mwilini.

Mbavu bado ziko palepale.

Jumapili, 27 Juni

Salamu zimefika. Bwana Mpima atakuwa hapa Jumanne.

Nimemtazama Berta kila upande. Macho yamechangamka. Manyoya yameanza kulala. Lakini mbavu zinaonekana bado, na mtu mwenye bunduki hatazami macho, atatazama mbavu.

Nikapata wazo la kumwongezea pumba mara tatu kwa siku hizi mbili. Verediana amelichukua karai, analala nalo.

Nimepata wazo jingine. Hili halihitaji karai.

Jumatatu, 28 Juni

Nimeshona. Magunia matatu, nimeyaunga yakawa koti la farasi, lenye vifuko pande zote mbili, na vifuko nimevijaza mabua laini ya mpunga. Nikimvika, mbavu hazionekani, na ubavu unatokeza kwa duara la kupendeza. Nitamwambia Bwana Mpima ni kwa ajili ya umande.

Apolinari alikuja kutazama. Alizunguka mara moja akasema anafanana na godoro linalohama.

Verediana alisema nimwambie mwenye mali ukweli, kwamba mnyama alikuwa na meno mabaya na sasa anakula. Nikamwambia ukweli ni mzuri, lakini hauna umbo.

Jumanne, 29 Juni. Petro na Paulo

Bwana Mpima amefika baada ya misa, anatembea wima kidogo kuliko zamani. Bunduki ilikuwa begani. Niliiona kabla ya kumwona yeye.

Berta alikuwa amesimama uani ndani ya koti lake. Nikaanza kueleza habari za umande. Bwana Mpima alisikiliza huku akimzunguka. Nilikuwa sijafika mbali Berta alipogeuza shingo, akanusa kifuko cha kushoto, akakishika kwa meno akakipasua. Mabua yakamwagika. Akaanza kula.

Nikamsemesha kwa sauti ya chini aache. Hakuacha. Akamaliza cha kushoto, akageukia cha kulia. Koti likalegea, likaanguka, na mbavu zote zikawa nje mbele ya Bwana Mpima, mbele ya Apolinari, mbele ya watu waliotoka kanisani.

Nilisimama baina ya farasi na bunduki. Sikumbuki kukusudia. Miguu ilikwenda yenyewe, kama ile sauti ya siku ile dukani.

Lakini Bwana Mpima hakuwa anatazama mbavu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Berta anatafuna. Hatemi. Akachuchumaa akatazama chini, akapekua mabua kwa kidole, akainuka.

"Anameza," akasema. Akalirudia tena, safari hii kwa lugha yake.

Akauliza ni nani aliyegundua meno. Nilifungua kinywa. Verediana alikuwa amesimama mlangoni na karai lake, hanitazami. Nikasema, "Mke wangu. Na Apolinari ndiye aliyemwita mganga wa mifugo." Kisha nikaongeza kwamba uongozi wa jumla ulikuwa wangu.

Bunduki aliitundika kwenye mti, akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 3 Julai

Leo Berta amevuka.

Tulimsindikiza mpaka kwenye pantoni. Alikataa kupanda. Bwana Mpima alivuta, mabaharia wa pantoni wakasukuma, mimi nikamweleza kwa maneno. Verediana akapita katikati yetu, akapanda na karai, akalitikisa. Berta akamfuata. Verediana alivuka naye mpaka ng'ambo ili atulie, akarudi peke yake na karai tupu.

Nilibaki ukingoni mpaka walipopotea kwenye matete. Mbavu bado zilionekana, ila ilikupasa ujue pa kutazama.

Apolinari alisimama nami. Nilimwambia jua linaumiza macho. Akasema ndiyo, la asubuhi huwa hivyo.

Jumatatu, 5 Julai

Banda liko tupu. Nimelifagia. Nimelifagia tena.

Jioni Apolinari amekuja kuniaga. Anakwenda Mahenge kwenye harusi ya mdogo wake, na ameniomba nimwangalizie nguruwe. Mimi, kati ya watu wote. Alisema ameona jinsi nilivyosimama siku ile mbele ya bunduki, na mtu wa namna ile anaweza kumwachia wanyama. Maagizo yake ni mafupi. Sufuria moja ya pumba asubuhi, moja jioni, maji, basi. Alilirudia hilo "basi" akiwa amenishika bega.

Baada ya yeye kuondoka nilikwenda kuwatazama. Ni nguruwe wazuri, na maagizo yake yanafaa kwa nguruwe wa kawaida. Ila yule mwenye madoa amesimama pembeni, na kwa mwanga ule niliona kiuno chake kimeingia kidogo. Mtu aliyewazoea hawezi kuona kitu kama hicho. Inahitaji jicho la mgeni.

Verediana ameniuliza nafikiria nini. Nimemwambia sifikirii kitu.

Sokoni kuna samaki wakavu wanauzwa karibu bure. Kesho nitaamka mapema, kabla ya Verediana. Apolinari akirudi hatamtambua yule mwenye madoa.